Mikono iliyotetemeka Kagera

Mzee alinyoosha mikono juu ya meza yangu, akaitazama. "Mwanangu, hii ilitetemeka hadi nikashindwa kupachika magazini ya risasi kwenye bunduki. Huo si uoga?" Alikuwa anasimulia ya mwishoni mwa 1978, kando ya mto Kagera, akiwa mgambo wa miaka 19 kutoka Mwanza. Swali hilo amelibeba zaidi ya miaka arobaini huku akivua sangara na dagaa.

Mimi ni mwanasaikolojia. Wazee wa Vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, huletwa kwangu na watoto wao kwa sababu ya usingizi au hasira. Hofu huitaja mwisho kabisa, tayari wameshika mlango.

Nilimweleza kilichotokea mwilini. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo, amigdala, inayopiga king'ora kabla hujapata nafasi ya kufikiri. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, damu inaacha ngozi na tumbo kukimbilia misuli mikubwa, mate yanakauka. Adrenalini hiyo huitetemesha misuli, na kazi ndogo za vidole ndizo huharibika kwanza. Ndiyo maana kuruta hurudishwa kwenye kitendo kile kile asubuhi hadi jioni: siku akili ikiganda, mikono iwe inakijua.

"Kisha ulifanya nini, mzee?"

"Nilijaribu mara ya tatu, ikaingia. Mwenzangu wa kushoto alikuwa ananisubiri."

Jibu hilo nimelisikia kwa wengi. Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 2, 1978 wanaikumbuka, uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin, na sauti zao hubadilika wakiitaja. Lakini ukiuliza kilichowainua kutoka kwenye handaki, wanamtaja mtu aliyekuwa kushoto kwao. Kwangu hapo ndipo ushujaa ulipo. Hofu humpata mtu bila ruhusa yake; uoga ni kumwacha mwenzako. Mzee huyu hakumwacha.

Kinachoniumiza ni methali tuliyolelewa nayo: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Aliyerudi hai, mwenzake akabaki huko, huisikia kama hukumu. Kila kicheko nyumbani kwake kinamwambia yeye ndiye mwoga. Nimeona wanaume wakikataa sherehe za watoto wao wenyewe.

Na walirudi kabla madaktari hawajakubaliana jina la wanachougua. Vita viliisha Juni 1979. Mwaka 1980 ndipo Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kilipoingiza msongo wa baada ya kiwewe kwenye mwongozo wake wa magonjwa. Kijijini walisema amerogwa, au pombe.

Mwanza nako vita vilifika. Machi 1979 ndege ya Libya, nchi iliyomsaidia Amin, ilikusudia kuupiga mji ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama.

Kwa mzee wangu, usiku mgumu kuliko wote ni mkesha wa mwaka mpya, fataki zikianza kulia. Tulifanya mazoezi ya kutoa pumzi polepole, kwa kuwa pumzi ndefu ya kutoka huupunguzia moyo mwendo. Mara ya mwisho hakujifungia chumbani. Alikaa barazani, mjukuu wake akakaa kushoto kwake, wakahesabu pumzi pamoja hadi milio ikakoma.