Dagaa hawafuati wati

Juzi dikoni kijana mmoja wa boti ya ringneti, ule wavu wa kuzingira samaki, kanishika mkono: "Mwalimu, msimu huu nanunua jenereta kubwa. Taa zikiwa kali mara mbili, dagaa watakuja mara mbili. Si wanapenda taa?" Neno hili nimelijibu mwaka huu mpaka sauti imenikauka. Linanikera kwa sababu linawatia watu hasara: mafuta hukatwa kwanza, mgao wa mabaharia baadaye.

Tuanze na maji. Kila mita ya maji hula sehemu ile ile ya mwanga uliobaki. Shusha sahani ya Secchi, ile nyeupe ambayo padri Angelo Secchi aliijaribu baharini mwaka 1865, uangalie inapotokomea. Ikipotea kwenye mita 17, ufifiaji ni kama 0.1 kwa mita, yaani kila mita hula karibu sehemu moja ya kumi ya mwanga. Hapo ukiongeza taa mara mbili, mwanga uliokuwa ukifika mita 20 utafika mita 27. Saba tu. Nje ya Rufiji, mto ukishusha tope na sahani ikapotea kabla ya mita 4, jenereta mpya inakuongezea kama mita moja na nusu. Na hapo sijahesabu mwanga unaotawanyika pembeni, kwa hiyo faida halisi ni ndogo zaidi. Wekundu humalizika mita chache za mwanzo. Buluu na kijani ndizo hushuka.

Sasa hilo "wanapenda". Mchana planktoni, yaani viumbe wadogo wanaoelea majini, kama kopepodi walio jamaa wa kamba, hujificha chini gizani, macho ya samaki yasiwapate; jua likizama hupanda kula. Wakati wa vita, mwaka 1942, sonari za Wamarekani, vyombo vya kupima kina kwa sauti, zilionyesha sakafu pasipo na sakafu, na ilipokuja kubainika kwamba inapanda usiku na kushuka mchana, ikajulikana kuwa ni viumbe hai. Safari hiyo ya kila siku inaongozwa na mwanga, na mwanga wenyewe ni kitu cha kukimbiwa. Sasa mtu anawasha taa katikati ya safari ile, kisha ananiambia habari za mapenzi!

Inamisha kichwa ubavuni mwa boti taa zikishatulia. Utaona chembe kama pumba za mchele zikizunguka palepale. Kisha dagaa mchele wanapita ukingoni, pale nuru inapokutana na giza, ubavu unameta mara moja, wamepotea. Hawakai kwenye mwanga mkali kabisa. Wanazunguka.

Kwa nini wanakuja? Wengine husema wanafuata chakula, zile chembe. Wengine husema gizani kundi hutawanyika kwa kutoonana, na taa inawarudisha pamoja. Wengine husema jicho lililozoea giza huduwaa likikutana na nuru, samaki akashindwa kutoka. Vitabu huchagua sababu moja na kusonga mbele. Mimi siwezi kuapa ni ipi. Nimewapasua dagaa wa taa nikakuta matumbo yamejaa. Usiku mwingine, boti ile ile, matumbo matupu. Nadhani sababu zote tatu zinafanya kazi, kwa vipimo vinavyobadilika usiku hadi usiku, na hakuna aliyezitenganisha vizuri baharini.

Ila jambo moja wavuvi wanalijua kuliko sisi: mbalamwezi ikiwaka, wanapumzika. Mwezi mpevu ni hafifu kuliko jua kama mara laki 4, lakini unaimwagia bahari nzima nuru, na taa yako inabaki doa dogo lisilotofautiana sana na kilichoizunguka. Kinachofanya kazi ni tofauti kati ya nuru na giza. Kule Aktiki, karibu na Ncha ya Kaskazini, wakati wa majira yasiyo na jua, utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha planktoni wakishuka hadi kama mita 50 mwezi ukiwa mpevu. Mwezi tu, wanakimbia.

Nilimuuliza yule kijana: kabla ya kufunga wavu, nahodha wako hufanya nini na taa?

"Anazipunguza, moja moja."

Na dagaa?

"Wanapanda juu, wanabanana."

Wangekuwa wanapenda taa, wangeondoka. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza bei ya sahani ya Secchi. Nikamwambia achukue bati la duara la sentimita 30, alipake rangi nyeupe, atoboe katikati, afunge kamba na jiwe.