Jani la Nduma na Utando wa Teflon: Kinachotokea Ndani ya Plazma

Mwanafunzi mmoja aliyetembelea maabara yetu hapa Kisumu alikuja na jani la nduma, akalilaza kando ya kipande cha kioo tulichokuwa tumekipaka utando wa kaboni na florini, kisha akadondosha tone la maji juu ya kila kimoja. Juu ya jani tone lilikaa mviringo kama shanga, likabingirika mara jani lilipoinamishwa. Juu ya kioo lilivimba vizuri, lakini liling'ang'ania palepale. Akauliza: ikiwa mmepaka Teflon, mbona nduma inawashinda?

Sehemu ya jibu ni umbo la uso. Jani la nduma lina vinundu vidogo mno vyenye nta, na hewa hubaki kati yake chini ya tone. Kioo ni laini, na juu ya uso laini hata kemikali inayokataa maji kuliko zote haiwezi kuifikisha pembe ya tone, yaani pembe kati ya uso na ukingo wa tone, zaidi ya nyuzi 120 hivi.

Sehemu ya pili ni kwamba ule utando si Teflon hasa. Teflon, iliyogunduliwa na Roy Plunkett kwa bahati mwaka 1938 huko New Jersey, Marekani, ni mnyororo mrefu wa kaboni ambamo kila atomi ya kaboni imebeba atomi mbili za florini. Minyororo hiyo ni mirefu kiasi kwamba hata ikipita nyuzi joto 327 na kuyeyuka haitiririki, wala hakuna kiyeyusho cha kawaida kinachoiyeyusha. Kwa kikaangio cha chapati, chembe zake hunyunyizwa zikiwa ndani ya maji, kisha huokwa. Utando wa nanometa 100, ilhali unywele mmoja una unene wa nanometa 80,000 hivi, unahitaji njia nyingine.

Njia ya kwanza ni spataringi: kibamba cha Teflon huwekwa ndani ya chumba kilichoondolewa hewa, ikaingizwa gesi kidogo ya agoni na kuwashwa plazma, yaani gesi ambayo umeme umezing'oa elektroni kutoka kwa baadhi ya atomi zake na kuziacha zikiwa ioni, atomi zenye chaji. Ioni za agoni hukigonga kibamba na kung'oa vipande vya molekuli, ambavyo hutua juu ya kioo na kuungana upya bila mpangilio. Kwa kuwa Teflon haipitishi umeme, mkondo mnyoofu haufai, maana chaji hurundikana juu ya kibamba na kuzifukuza ioni. Ndiyo sababu hutumika mkondo geu wa masafa ya redio, kwa kawaida megahezi 13.56. Nguvu nayo isizidishwe: Teflon haipitishi joto vizuri, hivyo kibamba huungua juu kikiwa bado baridi chini, na hutoa gesi zenye sumu. (Stima ikikatika katikati ya kazi, na pampu ikakosa vali ya kujifunga, mafuta yake hunyonywa hadi ndani ya chumba. Siku ya kusugua chumba hicho haisahauliki.)

Njia ya pili haihitaji kibamba. Gesi yenye kaboni na florini, kwa mfano C4F8, huvunjwavunjwa na elektroni za plazma, na vipande vyake, hasa CF2, hujenga utando. Hapa uchaguzi wa gesi ndio kila kitu. CF4 ikiwa peke yake hutoa florini nyingi kiasi kwamba, badala ya kupaka, huchimba uso. Ikiongezwa haidrojeni inayoiteka florini hiyo, utando huanza kuota.

Kwa njia zote mbili, vipande vilivyovunjika zaidi hupoteza florini na kufungamana kama wavu, kwa hiyo utando huwa mgumu zaidi, lakini uwezo wake wa kukataa maji hupungua. Teflon ina florini mbili kwa kila kaboni. Utando wetu kwa kawaida huwa na chini ya hapo.

Mwanafunzi yule tulimwonyesha pia kipande cha plastiki kilichokwaruzwa kwanza kwa plazma ya oksijeni, kisha kikapakwa utando uleule. Alidondosha tone, akakiinamisha kidogo, nalo likakimbia hadi ukingoni na kuanguka mezani.