Hori si la ng'ombe tu

Ukilitaja neno hori mbele ya Mkristo wa Dodoma, mawazo yake yataruka hadi Krismasi, kwa mtoto aliyelazwa katika chombo cha kulishia ng'ombe. Mvuvi wa pwani huenda akafikiria chombo: mtumbwi mdogo wa gogo moja, aina iliyokuwa ikiletwa zamani kutoka Malabar, India. Hori linalotusumbua zaidi sisi wa kazi za kamusi ni la tatu, lile la jiografia: mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, kama ule wa Mtwapa, wa Kilifi, au wa Mida karibu na Watamu, ambako maji yakipwa mizizi ya mikoko hubaki wazi na ndege hushuka kuokota kwenye tope.

Hori hili ni Kiarabu, khawr, linaloandikwa pia khor. Wanakamusi wa kale wa Kiarabu walilipa maana mbili: ardhi iliyobonyea kati ya miinuko miwili, na mahali maji yanapomwagikia baharini. Ni kama vile wenye lugha wakagawana. Watu wa Ghuba wakashika maana ya bahari. Khor Dubai ndiyo inayotenga sehemu mbili za mji wa Dubai, Deira na Bur Dubai, na watu bado huivuka kwa viboti viitwavyo abra. Qatar nayo ina mji wa pwani uitwao Al Khor. Wasudani wakashika ya bonde. Kwao khor ni mkondo wa msimu, kile ambacho sisi tungekiita korongo. Khor Baraka huteremka na mafuriko kutoka nyanda za juu za Eritrea, ikaishia kwenye delta ya Tokar karibu na Bahari ya Shamu, na sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu.

Ziko sehemu ambako maana hizo mbili hazijaachana. Nenda Khor Rori, Dhofar, kusini mwa Oman. Maji ya bonde la Wadi Darbat hushuka kutoka milimani yakakuta mdomo umezibwa na ukuta wa mchanga, yakatuama na kuwa ya chumvichumvi. Si mto, si bahari. Kando yake, juu ya kilima, yapo magofu ya Sumhuram, bandari ya ubani ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2000.

Cha ajabu, Kiingereza nacho kilipitia njia hiyohiyo bila kuulizana na Kiarabu. Creek ni neno lenye asili ya Kinorse cha kale, lugha ya zamani ya Skandinavia, kriki, yaani pembe au kona. Huko Uingereza creek hadi leo ni kijimkono cha bahari kinachojaa na kupwa. Walowezi walipofika Marekani waliingia na mashua kwenye mikono kama hiyo, wakazidi kupanda nayo hadi maji yakawa baridi na matamu, na jina wasilibadilishe. Hatimaye kila kijito cha bara kikawa creek, Australia vilevile. Hata watu wa Muscogee wa kusini mashariki mwa Marekani waliitwa Creek na Waingereza kwa sababu ya kijito walichokuwa wakiishi kando yake, Ochese Creek, huko Georgia.

Kwa hiyo mfasiri akikutana na creek, asikimbilie kamusi kabla ya kuuliza maji yenyewe yanafanyaje. Yakijaa na kupwa, ni hori, au mkono wa bahari kwa anayeogopa kuchanganywa na ng'ombe. Yakitiririka upande mmoja tu, ni kijito. Mji wa Cripple Creek, Colorado, uko zaidi ya mita 2,800 juu ya usawa wa bahari, na nimewahi kusoma tafsiri iliyopeleka hori huko juu, mikoko ikakosekana tu.