Je, Wajua Kwa Nini Mvuvi wa Mashuani Hufunga Mikono ya Waya Kwenye Mshipi?

Fungua kisanduku cha mtu anayevua baharini kwa mshipi na huenda ukakuta vipande vya waya mgumu usioshika kutu, vya sentimita 10 hadi 30, kila kimoja kikiwa na kitanzi huku na huku. Hiyo ndiyo mikono ya waya. Havina ncha kali, havibebi chambo, wala havimvutii samaki. Kazi yake ni kukiweka kishipi, yaani uzi mfupi wenye ndoana, mbali na mshipi mkuu, basi. Sasa mbona kazi ndogo hivyo idai chuma?

Sababu iko kwenye safari ya kuzama. Risasi, ile inayouzamisha mshipi, ni nzito kuliko maji ya ujazo uleule kwa takriban mara 11, ilhali chambo cha ngisi au mnofu wa samaki kinakaribia kulingana na maji yenyewe. Ukiuachia mshipi, risasi inaporomoka na chambo kinabaki nyuma, kikikokotwa. Kishipi kinainuka na kulala ubavuni mwa mshipi mkuu. Hapo bado hakuna hasara. Hasara inaanza chambo kinapozunguka, na hakikosi kuzunguka, kwa sababu ni nadra mnofu kukatwa ukalingana pande zote. Kila mzunguko unakisokota kishipi, na kabla risasi haijagusa mchanga, ndoana imeshajiviringisha kwenye mshipi mkuu. Kibaya zaidi, aliye juu hana habari. Anangoja kwa subira huku chambo chake kimekuwa fundo.

Mkono wa waya unavunja mchezo huo kwa kutonyumbuka ovyo. Uzi laini hufuata maji yanakotaka. Waya hubaki umenyooka kwa upande, na kishipi kinaanzia kwenye ncha yake. Hata kikiinuka wakati wa kuzama, kinapita mbali kidogo na mshipi mkuu. Kwa kawaida mkono huwekwa katikati ya shanga mbili, ili uweze kuuzunguka mshipi mkuu bila kuusokota wala kuteleza juu na chini.

Lakini waya peke yake hautoshi, na hapa ndipo wengi hukosea. Ukifunga kishipi kirefu kwenye mkono mfupi, ndoana itapata nafasi ya kurudi na kujifunga palepale. Ikiwa mikono ni miwili au mitatu, kishipi cha chini kisiifikie ndoana ya juu yake. Wanaovua juu ya meli zilizozama hufanya kinyume: mkono mmoja mrefu, na kishipi cha mita 2 au 3 ili chambo kielee kama kiumbe hai. Huo haushushwi kwa pupa. Mvuvi anaubana uzi kwa kidole gumba, anauteremsha polepole, ili mkondo ukitandaze kishipi njia nzima. Nadhani kidole hicho kinaokoa mishipi mingi kuliko waya wowote.

Tusichanganye mambo, ingawa: mkono huu hauzuii meno. Kati yake na ndoana mara nyingi pana nailoni tupu, na samaki mwenye meno makali ataikata kama kawaida. Anayewataka hao huongeza waya mwingine, ulio laini, karibu na ndoana.

Mikono ina gharama yake pia. Kila kipande kinakamata maji, mshipi unapinda kwa mkondo, na inabidi uongeze risasi ili ibaki chini. Penye miamba, chuma kilichotokeza pembeni ni cha kunasa tu. Ndiyo maana wapo wanaofunga risasi kwa uzi dhaifu kuliko mshipi: ikinasa, inakatika yenyewe na vingine vinapanda salama.

Pengine swali la maana zaidi ni lini uifunge. Mashua ikiwa imetia nanga na mkondo unakwenda kwa nguvu, kishipi kikishafika chini kinavutwa na maji na kunyooka chenyewe, hivyo mkono mfupi unatosha, na wengine huuondoa kabisa. Maji yakisimama, kati ya kujaa na kupwa, hakuna kinachokitandaza. Kishipi kinaangukia palepale risasi ilipo, na hapo ndipo sentimita 20 za waya zinapofanya kazi iliyofanywa na bahari saa chache kabla.