Pembeni mwa daraja: nafasi ya mwenda kwa miguu na mpanda baiskeli

Barabara ya kawaida ikikosa njia ya pembeni, mtu hujipenyeza. Atapita kwenye majani, atakata nyuma ya nyumba za watu, atasubiri gari lipite kisha arudi kwenye lami. Juu ya daraja hakuna pa kujipenyeza. Huku reli ya kuzuia watu wasianguke, huku magari, na chini maji au barabara nyengine. Ndiyo maana sisi tunaoshughulikia usalama barabarani huliangalia daraja kwa jicho kali kuliko kipande chochote cha njia.

Kuongeza nafasi baadaye nako ni kazi pevu. Barabara ya chini ukitaka kuipanua utahamisha mtaro, utalipa fidia ya minazi miwili mitatu, utaendelea. Daraja likishasimama, upana wake umeshafungwa na nguzo na misingi. Kinachobaki ni kuning'iniza njia ubavuni, kwa gharama, au kuyapunguzia magari nafasi. New York walichagua hilo la pili mwaka 2021 kwenye Brooklyn Bridge, daraja lililofunguliwa 1883: njia moja ya magari ikageuzwa kuwa ya baiskeli, maana ile ya juu waliyokuwa wakigawana waenda kwa miguu na wapanda baiskeli ilikuwa imeshafurika watu.

Kwetu Zanzibar mambo haya yamefika mlangoni. Mwanakwerekwe na Amani zimeingia kwenye mradi wa barabara za juu. Kibonde Mzungu, ambako masika yakikaza maji yalikuwa yakikata njia, lipo daraja. Na kuna kisiwa cha Uzi. Aliyewahi kwenda Uzi anaijua ile njia ya mawe katikati ya mikoko: maji yakitoka unapita, yakijaa njia haipo, na siku za bamvu ndiyo kabisa, huna la kufanya ila kusubiri. Sasa angalia nani wanaovuka pale. Gari zipo, lakini wengi ni watu waliokunja suruali, wanafunzi walioshika viatu mkononi, na baiskeli zinazosukumwa kwa sababu mawe hayapandiki. Daraja la mahali kama pale likihesabiwa kwa magari tu, litakuwa limewahesabu wachache.

Hesabu ya upana huanza na mwili wa mtu. Mtu mmoja anayetembea huhitaji kama sentimita 75. Kiti cha magurudumu, kama sentimita 90. Wawili wakipishana bila mmoja kushuka, fikiria mita moja na nusu, na hapo hakuna aliyebeba kitu. Kwa daraja la mjini mita 2 za waenda kwa miguu ni kiwango cha chini cha busara; wakichanganywa na baiskeli, mita 3. Daraja la Kigongo–Busisi kule Mwanza, lililozinduliwa Juni 2025, limewekewa njia ya miguu kila upande, kwa hiyo si jambo geni kwenye miradi ya nchi hii.

Baiskeli ndiyo inayotuchanganya, kwa sababu wachoraji wengi huwazia baiskeli tupu. Usukani wake una kama sentimita 60, ukiongeza kuyumba kidogo unapata mita moja. Lakini baiskeli ya Unguja haiendi tupu. Muuza samaki anayetoka Malindi hapa mjini ana tenga nyuma. Anayerudi na majani ya ng'ombe amefunga mzigo kwa kuulaza juu ya keria, umetokeza huku na huku, na upana wake unapita mita moja bila taabu. Huyo haoni nyuma. Akisikia honi hawezi kugeuka, na akijaribu kukaa kando, majani yanagusa reli kabla ya pedeli. Mimi ningependa kila anayechora daraja kisiwani achukue futi akapime mzigo mmoja wa majani, ndipo arudi kwenye karatasi yake.

Kuna na mlima. Anayepanda mlima kwa baiskeli hupunguza mwendo, na baiskeli iendayo polepole huyumba zaidi kuliko iendayo kasi. Kwa hiyo upande wa kupanda ndio unaohitaji nafasi kubwa, ingawa wengi hudhani ni ule wa kushuka. Mwinuko ukizidi mita 5 kwa kila mita 100, mwenye kiti cha magurudumu ataomba kusukumwa. Pemba, kwa vilima vyake vinavyofuatana, hili lina uzito wa pekee: daraja lenyewe linaweza kuwa tambarare, tabu ikawa kwenye miinuko ya kuliingia na kulitokea. Na daraja likiwa wazi baharini, kusi likivuma linampiga mpanda baiskeli ubavuni.

Ndiyo sababu ya urefu wa reli. Kwa mwenda kwa miguu mita 1.1 inatosha. Mpanda baiskeli amekaa juu zaidi. Reli ya urefu huo ikimgonga kiunoni inaweza kumpindua badala ya kumzuia. Baadhi ya viwango vya nje hutaka mita 1.4 pale baiskeli zinapopita. Tofauti hiyo ya sentimita 30 ni bomba moja la ziada tu, na ni rahisi kuiacha, kwa sababu daraja huonekana zuri zaidi likiwa na reli fupi.

Wako wanaosema waenda kwa miguu ni wepesi, hawasumbui daraja. Si hivyo. Umati uliosongamana huhesabiwa kama kilo 500 kwa kila mita moja ya mraba, na mhandisi hulazimika kuufikiria usiku wa Idi, si asubuhi ya Jumanne. London walifungua daraja la waenda kwa miguu, Millennium Bridge, Juni 2000, likaanza kuyumba chini ya miguu ya watu, likafungwa baada ya siku mbili na halikufunguliwa tena mpaka 2002. Hakuna gari hata moja lililokuwa limepita.

Kwa barabara za juu mambo hugeuka. Pale Mwanakwerekwe mwenda sokoni hana haja ya kupanda juu, juu ni kwa ajili ya magari yasiyosimama. Haki yake iko chini, na chini ndiko kunakosahaulika. Magari yakipata njia pana bila taa, hushuka upande wa pili na kasi yao. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa kila mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kifo huongezeka kwa kama asilimia 4. Basi kivuko cha karibu na mahali barabara ya juu inaposhukia ni lazima kiwe na tuta au taa, rangi peke yake haimzuii mtu. Na ngazi ndefu za kupanda na kushuka si jibu: mama mwenye mtoto mgongoni na kikapu ataziangalia, kisha atavuka chini kama kawaida yake. Mwenye baiskeli hata hataziangalia.

Vitu vidogo huangusha watu zaidi ya vikubwa. Vyuma vya kufunikia mtaro vikilazwa kufuata njia, tairi la baiskeli linaingia katikati yake. Vikipangwa kwa kuikata njia, linapita. Vivyo hivyo kwenye maungio ya daraja, ule mwanya ulioachwa ili zege lipate kutanuka na kunywea kwa joto: lazima uwe na bamba juu yake upande wa baiskeli. Taa nazo, zimulike njia ya pembeni na siyo lami peke yake.

Njia ikishapatikana inahitaji kulindwa, na hapa lawama ni yetu sote. Meza ya machungwa leo, bodaboda mbili za abiria kesho, na mwanafunzi wa skuli amerudi kwenye lami. Nguzo fupi za kuzuia pikipiki husaidia kiasi, ila zikibanwa sana zinamzuia mwenye kiti cha magurudumu, na zikiachwa wazi pikipiki inapita. Penye tatizo hilo anahitajika askari.

Mradi wa daraja unapokuja kwenye shehia yako, huwa kuna kikao cha kusikiliza wananchi kabla ya ujenzi. Wengi huuliza fidia, na ni haki yao. Ongezeni moja: ombeni kuoneshwa mchoro wa daraja lilivyo kama limekatwa kwa msumeno, ule unaoonesha upana wa kila njia. Tafuteni namba tatu: upana wa njia ya pembeni, urefu wa reli, na kimo cha ukingo unaoitenga na magari. Namba isipokuwepo, iulizwe pale pale, na jibu lake liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.