Kontena Malindi: maneno ya barazani na ukweli wenyewe

Huku kwetu saa hii kila anayetaka ofisi ya saiti, stoo ya saruji ama kiduka anaambiwa nunua kontena tu, ni rahisi halafu la milele. Mimi silipingi kontena, lakini hayo maneno mengine ukiyafuata utalia.

Eti halili kutu kwa sababu limetengenezwa kuvuka bahari. Wapi! Chuma chake ni Corten, na ujanja wake ni kwamba ile kutu ya juu ikishakaza inakuwa kama gamba la kidonda, inazuia isile ndani. Sasa gamba hilo halipatani na chumvi, na upepo wa bahari huku una chumvi kusi na kaskazi, kwa hivo gamba halikai na chuma kinaendelea kuliwa polepole. Kinachookoa ni rangi. Likichubuka tu sugua, piga praima, piga rangi, usingoje mwakani. Ukienda kutazama la mtumba, ingia ndani mchana ufungiwe milango, ukiona hata kitundu kimoja cha mwanga, ujue mvua ya masika itapita hapo hapo. Chungulia na chini, watu wengi hutazama ubavu wenye rangi nzuri wakaridhika.

Halafu kuna wale wa "tia feni, joto limeisha". Feni inazungusha joto lile lile jamani, ukuta na paa zote chuma na jua la Februari unalijua. Dawa ni kivuli, jenga paa la makuti juu yake uache nafasi upepo upite katikati, kata madirisha pande mbili zinazotazamana, na kama ni ofisi ya watu kukaa siku nzima tia foili na foamu ukutani. Na hata stoo isiyokaa mtu inataka matundu ya hewa, manake usiku bati likipoa ule unyevu wa ndani unageuka matone yanadondoka kutoka darini, mtu anaona saruji imeganda anafikiri paa linavuja. Saruji iinue kwa paleti.

Kulitua nako si popote. Uzito wake unabebwa na pembe nne, la futi 20 tupu ni zaidi ya tani 2, la futi 40 linakaribia 4, ukiliweka kwenye mchanga mtupu pembe moja inazama, fremu inapinda, mlango haufungi, unaanza kumlaumu aliyekuuzia. Mwagia zege ndogo kila pembe, hakikisha ziko levo. Na zile kuta zenye mikunjo si pazia, zinashika fremu, fundi akikata mlango mkubwa bila kuchomelea vyuma pembeni, paa litabonyea.

Kibali? "Halina msingi, halihitaji." Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inataka kibali cha kaunti kabla ya kuendeleza ardhi ama kubadili matumizi yake, na kontena lililogeuzwa duka si mzigo tena, nenda kaulize kaunti kabla ya kuleta kreni. Na muuzaji akuonyeshe karatasi za forodha, manake makontena huingia nchini kwa muda tu, likibaki lazima liwe limelipiwa ushuru.

Jamaa wa Lamu kisiwani nao wasidanganywe kwamba ni sawa na huku. Lori linaishia Mokowe upande wa bara, baada ya hapo ni bahari, na ukifika vichochoro vyenyewe ni vya mtu na punda, tena Mji wa Kale uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, huwezi kutua bati tu unapotaka. Kwao naona bora ofisi ya paneli, inakuja vipande vipande kwenye boti inafungwa pale pale.

Mwisho hii ya "kukodi ni kutupa pesa". Inategemea. Kazi ya miezi michache kodi, ukijua utakaa miaka nunua. Ila kodi ya mwezi si bei yote, kuna lori la kuleta, kreni ya kushusha, na siku ya kurudisha vyote hivo tena, kwa hivo kabla hujatia saini uliza nani analipa safari ya kurudi, na lipigeni picha pande zote mkiwa wote wawili, wewe na mwenye kontena, muyaandike mabonyeo yaliyokuwepo.