Kichapuzi cha chembe, na namna kinavyotaja umri wa shanga za Magubike

Kichapuzi cha chembe ni mashine inayochukua chembe ndogo zenye chaji, kama elektroni au protoni, na kuziongezea kasi kubwa mno ndani ya bomba lililotolewa hewa. Wengi huchanganya kazi mbili zinazofanyika humo. Umeme ndio unaoongeza kasi: chembe yenye chaji chanya huvutwa na upande hasi na kusukumwa na upande chanya. Sumaku hukunja njia tu.

Vichapuzi vingine vimenyooka, chembe hupita mara moja. Vingine ni duara, chembe inarudi pale pale penye umeme na kuongezewa nguvu kila mzunguko. Shida ya duara ni kona. Dereva wa Mlima Kitonga anaijua: gari likizidi mwendo, linataka kutoka nje ya barabara. Dawa ni sumaku kali zaidi au kona pana zaidi. CERN, kituo cha utafiti wa chembe mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, wametumia zote mbili: duara la kilomita 27, takriban mita 100 chini ya ardhi, lenye sumaku zilizopozwa hadi nyuzi 271 chini ya sifuri. Protoni huzunguka humo zaidi ya mara 11,000 kwa sekunde, mikondo miwili ikielekea pande tofauti, kisha hugonganishwa. Nishati ya mgongano huzaa chembe mpya. Ndivyo ilivyopatikana chembe ya Higgs, inayohusishwa na namna chembe nyingine zinavyopata uzito, iliyotangazwa tarehe 4 Julai 2012.

Vichapuzi vingi, hata hivyo, ni vidogo kuliko hicho cha CERN. Mgonjwa wa saratani anayepewa rufaa kutoka Mbeya kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, anaweza kutibiwa kwa kimojawapo. Lakini matumizi ninayoyapenda kuliko yote ni ya kupima umri wa vitu vya kale, kwa kuwa yamegusa udongo wetu wenyewe.

Magubike, mkoani Iringa, kuna pango la mwamba ambamo watafiti walifukua shanga zilizotengenezwa kwa ganda la yai la mbuni. Ganda lina kaboni, na sehemu ndogo mno ya kaboni ya kiumbe hai ni kaboni-14, aina nzito inayooza polepole: kama atomi moja katika trilioni. Kiumbe kikifa haiongezeki tena, na kila baada ya miaka 5,730 nusu ya iliyobaki huwa imetoweka. Zamani walilazimika kusubiri atomi hizo zioze moja moja ndipo wazihesabu, na walihitaji gramu kadhaa za kaboni. Shanga moja isingetosha.

Kichapuzi huzihesabu atomi zenyewe, kwa miligramu moja tu au pungufu. Kaboni ya ganda hugeuzwa grafaiti, kaboni kama ya penseli, kisha atomi zake huongezewa elektroni ili ziwe na chaji hasi. Hapo pana bahati kubwa: naitrojeni, ambayo uzito wake unakaribiana sana na wa kaboni-14 na ingeharibu hesabu yote, haikubali kushika chaji hasi, kwa hiyo inaachwa mlangoni. Atomi za kaboni huvutwa hadi katikati ya bomba, penye chaji chanya ya mamia ya maelfu ya volti au hata mamilioni. Pale hunyang'anywa elektroni kadhaa na kuwa chanya. Volti zile zile zilizozivuta sasa zinazifukuza, zikapata kasi mara ya pili. Mbele sumaku inazikunja: kaboni-12, ile ya kawaida na nyepesi, hupinda zaidi, na kaboni-14 hupinda kidogo ikaingia kwenye kihesabio chake.

Baadhi ya shanga za Magubike zilionekana kuwa za makumi ya maelfu ya miaka. Kipimo hiki hufika takriban miaka 50,000, kwani baada ya hapo kaboni-14 iliyobaki ni haba mno. Zana za mawe za Isimila, karibu na mji wa Iringa, zilikadiriwa kuwa na miaka 260,000 hivi, na huko ilibidi kutumia kipimo kingine, kinachotegemea kuoza kwa madini ya urani.